Mwalimu Anajibu Kila Alhamisi

Watu wa chuo chetu walimwita Mzee Tarehe, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Ukimpelekea ukurasa wako uwekwe kwenye tovuti, hata uwe umeupamba namna gani, jicho lake lilishuka moja kwa moja hadi chini kabisa. "Tarehe ya marekebisho ya mwisho iko wapi?" Kama haipo, alikurudishia bila kusoma neno jingine. Wahadhiri wenye shahada tatu tatu walitoka ofisini kwetu wakisonya. Mkuu mmoja wa idara aliapa mbele yangu kwamba siku moja atakuja amng'oe yule mzee pamoja na kiti chake. Hakumng'oa. Alileta tarehe.

Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa miaka sita. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha mwisho cha ghorofa ya chini, kati ya stoo ya viti vibovu na choo cha wanaume. Tulikuwa na meza mbili, kompyuta mbili, kabati la chuma lisilofunga, na dirisha moja linalotazama maegesho ya pikipiki. Yeye alikaa dirishani, mimi nilikaa karibu na mlango ili nipambane na wenye hasira kabla hawajamfikia. Kazi hiyo niliiweza, maana mdomo ninao. Nasema mapema kwamba mimi ndiye niliyemmaliza mzee huyu, asije mtu akasoma hadi katikati akaanza kunihurumia.

Kabla ya tovuti, alikuwa msomaji wa prufu, mtu wa kuwinda makosa kabla kitabu hakijachapwa, katika kiwanda cha uchapaji cha chuo. Mashine zilipouzwa, wenzake walipewa barua za kuagana, yeye akatupwa kwenye kurasa za mtandao kwa sababu hakuna mtu aliyezitaka. Alizikuta ovyo ovyo. Mhadhiri wa kemia alikuwa amebandika picha za mbuzi wake wa kuuza chini ya nembo ya chuo. Kitivo kizima kilikuwa bado kinaongozwa, kwenye mtandao tu, na mkuu aliyestaafu miaka minane nyuma. Maktaba ilikuwa inawatakia wasomaji heri ya mwaka mpya ambao ulishazeeka. Mzee alijifungia miezi mitatu, akatoka na Kanuni za Kuchapisha Kurasa, vifungu ishirini na viwili ambavyo naweza kuvisoma kwa kichwa hata leo. Ukurasa rasmi uwe na nembo juu kushoto, jina la anayeuhudumia, na tarehe. Ukurasa binafsi usiwe na nembo kabisa, na uwe na sentensi isemayo kwamba yaliyomo ni ya mwenye ukurasa, si ya chuo.

"Ukurasa rasmi unasema kwa mdomo wa chuo," alinifundisha siku yangu ya kwanza. "Ukurasa binafsi, mtu anasema kwa mdomo wake. Kazi yetu, binti, ni kuangalia watu wasiazimane midomo."

Alikuwa haachi mtu. Mke wake mwenyewe hakumwacha.

Mkewe alikuwa mhadhiri wa ualimu, ghorofa ya tatu, jengo lile lile. Kila mtu alimwita Mwalimu, na yeye mzee alimwita hivyo hivyo, hata nyumbani. Alikuwa na ukurasa wake binafsi unaoitwa Uliza Mwalimu. Wanafunzi aliowafundisha, ambao sasa walikuwa walimu wamesambaa huku na huko kwenye shule ambazo barabara huishia kabla ya kuzifikia, walimwandikia maswali, naye aliwajibu chini ya kila swali mbele ya macho ya wote. Ukurasa ule haukuwa na ile sentensi. Basi mzee akamwandikia barua rasmi ya onyo, yenye kumbukumbu namba, akaituma kwa tarishi hadi ghorofa ya tatu, kwa mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja usiku uliopita.

Mwalimu alishuka ngazi akiwa ameishika barua kwa vidole viwili. Alisimama mlangoni petu, mfupi, mnene, miwani kichwani.

"Bwana Msimamizi," akasema, "onyo lako nimelipata. Na mimi kuanzia leo nitabandika tangazo jikoni. Yaliyomo katika sufuria hii ni ya mwenye sufuria, si ya mume wake."

Nilicheka hadi machozi. Mzee hakucheka, lakini masikio yalimwiva. Sentensi iliwekwa siku hiyo hiyo, nasikia na chakula alipewa.

Mwalimu hakuiamini kompyuta. Majibu yake aliyaandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari nene lenye jalada gumu, na kila Alhamisi saa saba mchana alishuka nalo, akavuta kiti kando ya meza ya mumewe, na mzee akayachapa huku yeye akimenya chungwa na kumlisha vipande. Nenosiri la mkewe alikuwa nalo. Kanuni zilikataza, na alizitunga mwenyewe, lakini hilo nililifumbia macho, maana saa saba nilikuwa najiondokea kwenda mkahawani na wenzangu. Nilikuwa naona aibu kukaa. Walikuwa kama wachumba.

Kila jibu lilianza na neno "Mwanangu". Nakumbuka mwalimu mmoja aliandika kwamba darasa lake lina watoto tisini na wawili na anataka kukimbia. Mwalimu alimjibu: "Mwanangu, jifunze majina kumi kila siku. Ukimaliza majina utaona wamepungua." Majibu yenyewe yalikuwa mafupi hivyo, na watu walimwandikia mpaka mambo ya ndoa zao.

Alifariki kwa figo. Wiki tano tu, tangu aanze kulalamika mgongo hadi tunamzika. Mazishini mzee alisimama wima kama amefungiwa ubao mgongoni, akapokea mikono ya watu, akauliza kama wageni wamepata viti. Hakudondosha chozi. Wiki iliyofuata alirudi kazini na siku hiyo hiyo alimrudishia mtu wa idara ya michezo ukurasa wake kwa kukosa tarehe. Wenzangu mkahawani walisema yule si mtu, ni kabati. Mimi pia nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu ndimi niliyekuwa nakaa naye na nilionekana shahidi.

Kifungu cha kumi na saba kinasema ukurasa binafsi wa mtu aliyeondoka kwenye utumishi, awe amestaafu, amefukuzwa au amefariki, utafungwa ndani ya siku tisini. Kila Januari ofisi ya utumishi ilituletea orodha ya walioondoka. Mzee aliifanyia kazi mwenyewe, jina kwa jina, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: umefungwa, umefungwa, umefungwa. Sikuwahi kuhakiki. Nani angemhakiki Mzee Tarehe?

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha mhadhiri mmoja wa uchumi akakamatwa akitangaza viwanja visivyo vyake kwenye ukurasa wake binafsi, na nembo ya chuo juu kushoto, mahali penyewe kabisa. Msajili alikasirika. Msajili wetu ni mwanamke wa maneno machache, na akikasirika yanapungua zaidi. Aliagiza kurasa zote zikaguliwe upya, na kila mtu akague zile ambazo si yeye aliyekuwa akizishughulikia. Mzee akapewa kurasa rasmi, ambazo mimi ndiye niliyezitunza baada ya yeye kuzipitisha. Mimi nikapewa binafsi.

Siku ya tatu ya ukaguzi nilifika kwenye jina la Mwalimu. Pembeni palikuwa na wino mwekundu: umefungwa. Nikafungua ili nione weupe wa ukurasa uliofungwa, niweke alama na kuendelea. Ukurasa ukafunguka. Nikaangalia chini kabisa, kama nilivyofundishwa. Tarehe ya marekebisho ya mwisho: Alhamisi iliyopita.

Juu ya tarehe palikuwa na swali la mwalimu wa shule moja ya mbali, na chini yake jibu: "Mwanangu, mwombe radhi huyo mtoto mbele ya darasa. Ulimkosea mbele ya darasa." Nilimzika huyu mama. Nililibeba shada la maua la ofisi yetu kwa mikono hii.

Mzee alikuwa pale pale dirishani, hatua tatu kutoka kwangu, anamenya chungwa.

"Vipi, binti? Umekuwa kama mtu aliyemeza sindano."

"Hamna kitu, mzee. Macho tu."

"Pumzika kidogo. Hizo kurasa hazikimbii."

Sasa sikiliza nilivyofikiri, mimi mwenye akili. Nilifikiri kuna mshenzi amevunja akaunti ya marehemu na anajifanya yeye, labda akishawazoea watu aanze kuwaomba hiki na kile. Nikafikiri, mzee huyu akijua kwamba kuna mtu anamchezea mkewe kaburini, atakufa kwa hasira au kwa uchungu. Kumbe naweza kuumaliza mzigo huu bila yeye kuuona. Kanuni zilisema aliyegundua mtu anachapisha kwa jina la mwingine atoe taarifa kwa maandishi ndani ya siku moja. Nikaandika kurasa mbili. Nikaambatanisha tarehe zote za Alhamisi, mia moja na ushee. Nikampelekea Msajili mkononi, na mzee nikamwambia naenda kununua vocha.

Ilikuwa huruma, naapa. Lakini sitajisafisha sana, maana humo humo kwenye huruma nilitaka pia Msajili ajue kwamba kuna mtu kwenye chumba cha kando ya choo mwenye macho makali. Na alijua. Alinisifu, akanivika kilemba cha ukoka kikanikaa vizuri, nikarudi ofisini naringa.

Baada ya wiki moja tuliitwa wote wawili kwenye chumba cha mikutano. Walikuwepo Msajili, mwanasheria wa chuo, na mhandisi wa seva. Mzee alikuja na nakala ya Kanuni, akidhani wanataka ushauri wake kama kawaida. Alivuta kiti, akatoa kalamu mfukoni, akaiweka sambamba na ukingo wa meza.

Mhandisi alieleza taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu ya vipimo. Akaunti ya marehemu haikuvunjwa, alisema. Aliyeingia alikuwa na nenosiri sahihi. Aliingia kila Alhamisi, kati ya saa saba na saa nane mchana. Na kila mara aliingia kupitia kompyuta moja tu, iliyoko ghorofa ya chini, chumba cha mwisho.

"Kati ya mbili zilizomo," akamalizia, "ni ile ya dirishani."

Nilimgeukia mzee nikiwa bado natafuta njia ya kutoamini. Yeye alikuwa anaiangalia ripoti mbele ya Msajili, ile ya kurasa mbili, na akaitambua. Namna yangu ya kupanga aya alinifundisha yeye.

"Ni mimi," alisema. "Msimtafute mtu mwingine."

Msajili akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Mzee wangu. Kwa nini?"

"Daftari lake lilibaki na majibu kumi na moja," mzee akasema. "Aliyaandika hospitali. Wanafunzi wake walikuwa wanasubiri, nami niliona si vizuri yapotee, basi nikayachapa. Jibu la mwisho lilipokwisha, nikakuta barua mpya ishirini. Nikasema leo nawaambia. Nikaandika 'Mwalimu amefariki.' Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Alhamisi ya pili hivyo hivyo. Alhamisi ya tatu mkono ukaandika 'Mwanangu', na mengine yakafuata. Nimekaa naye miaka thelathini na moja, mheshimiwa. Najua angesema nini."

"Unaelewa kwamba ulikuwa unawadanganya watu?" mwanasheria akauliza.

"Naelewa."

"Wangapi?"

"Mwanzoni wengi. Wengine walipata habari huko waliko, wakaacha kuandika. Sasa wamebaki saba." Alikuwa hajainua macho. "Hao saba hawajui. Nyumbani kwangu kila kitu kinajua. Kitanda kinajua, kiti chake kinajua, jirani akinisalimu tu naona anajua. Ila hawa saba, kwao yuko ghorofa ya tatu anasahihisha karatasi. Nikiwaandikia, kwa saa ile moja, na mimi namwona yuko ghorofa ya tatu. Siombi kitu kingine. Mniachishe kazi, mchukue na kiti. Hawa saba tu mniachie."

Nilitamani sakafu ifunguke. Msajili alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na miwani haikuwa na uchafu. Nilidhani tumepona. Nilidhani atasema basi, mzee, tutaona. Lakini mwanasheria alifungua Kanuni kwenye kifungu cha kumi na mbili, akasoma: hakuna mtu atakayechapisha kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu yoyote ile.

"Haya maneno 'kwa sababu yoyote ile' ni ya nani?"

"Yangu."

"Mzee, ungekuwa umekaa upande huu wa meza, ungeamuaje?"

Nilimwomba moyoni adanganye. Mara moja tu maishani mwako, mzee, danganya mbele ya watu. Aliichukua kalamu yake, akairudisha mfukoni, na alipojibu sauti yake ilikuwa ya kazini kabisa.

"Ningeufunga."

Wakaufunga. Yeye akapewa barua ya kustaafu mapema, miezi minne kabla ya wakati wake. Aliomba jambo moja: awaandikie wale saba mwenyewe, barua ya heshima, awaambie amefariki lini na alizikwaje. Mwanasheria alikataa. Watu wakijua alifariki miaka miwili nyuma watauliza ni nani amekuwa akiwapa ushauri kwa jina la mhadhiri wa chuo, na huko ndiko kwenye kesi. Itawekwa sentensi ya kawaida, ile iliyomo kwenye Kanuni: Mwenye ukurasa huu hayuko tena katika utumishi wa Chuo. Mzee aliitunga sentensi hiyo mwenyewe, zamani, ili isimuumize yeyote.

Nenosiri lilikwisha kubadilishwa, hivyo kazi ya kufunga niliachiwa mimi. Alikaa kiti chake akipanga vitu kwenye boksi la karatasi za kuchapia: kikombe, rula yake ya kusomea prufu, saa ya mezani, daftari lenye jalada gumu.

"Mzee," nilisema, "sikujua ni wewe. Haki ya Mungu, nilidhani ni mwizi. Nilitaka usiumie."

"Najua, binti."

"Ningekuuliza. Ningekuuliza tu."

"Taarifa umeiandika vizuri," akasema. "Hukuacha kitu."

Angenitukana ningepata nafuu. Nikabonyeza, ukurasa ukaondoka, ikabaki ile sentensi katikati ya weupe. Yeye alikuwa anaangalia pikipiki nje. Alibeba boksi lake akatoka, na pale mlangoni alimpisha mhadhiri wa kemia aliyekuwa anakuja kuulizia ukurasa wake. Mhadhiri akamwambia, "Mzee Tarehe, leo nimeiweka." Mzee akamwambia ahsante.

Mimi nikahamia dirishani. Nilikitaka kiti kile kwa miaka, na nilipokikalia nikaona hakina raha yoyote, kimebonyea kwa umbo la mtu mwingine.

Barua za ukurasa uliofungwa huingia kwenye sanduku la barua pepe la ofisi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku tano za kazi. Ya kwanza ilifika baada ya siku tisa. Mwalimu amehamia chuo gani, aliuliza mtu, tumfuate huko. Ya pili iliuliza kama amefukuzwa, na kama amefukuzwa, ni nani mpumbavu huyo. Sentensi ya mwanasheria ilikuwa imemfanya yule mama aonekane mtu aliyeondoka bila kuaga. Damu ilinichemka. Nikasema, hapana, hili halipiti mikononi mwangu. Mwanasheria na aende zake na kesi zake. Hawa ni watu wazima, wana haki ya kumlilia mwalimu wao.

Nikaandika ukweli. Sikumtaja mzee, sikueleza nani alikuwa anajibu, niliandika tu kwamba Mwalimu alifariki miaka miwili iliyopita, nikaweka siku aliyofariki na mahali alipozikwa, nikawapa pole. Barua zilikuja moja moja, na kila moja niliijibu hivyo hivyo, kwa maneno niliyoyapima. Mmoja alinitukana. Mmoja alituma rambirambi ndefu iliyoniliza. Wengine wakanyamaza. Nami nilijiona nimelipa angalau sehemu ya nililolifanya. Nilijiona, kwa kweli, shujaa kidogo.

Mwanamke mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, hakukubali. Barua yake naijua neno kwa neno:

"Si kweli. Mwalimu alinijibu mwezi wa tatu mwaka huu. Nilimwandikia kwamba nataka kuacha kazi na kuhama kabisa. Aliniambia, Mwanangu, kabla hujaamua lolote nenda ukamwone baba yako. Nilikuwa sijazungumza na baba miaka minne, na sikumbuki hata kama nilimwambia. Nilienda. Nilimkuta kitandani. Tulizungumza siku mbili, siku ya tatu akafariki mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Kama Mwalimu alikuwa amekwisha kufa, ni nani aliyenituma?"

Niliisoma nikasimama pale pale. Nikaona hii ni barua ya mzee. Hii ndiyo dawa yake. Ajue kwamba kwa maneno yake mwenyewe mtu alimwahi baba yake. Nikaichapa kwenye karatasi, nikaomba ruhusa mapema, nikanunua machungwa mfuko mzima, nikaenda.

Alikuwa anakaa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kituo cha mafuta, yenye kibaraza chenye viti viwili. Kimoja kilikuwa na mto, na hakikukaliwa. Mzee alivaa shati la kazini, limepigwa pasi, kalamu mfukoni, mchana wa siku ya kazi na hana pa kwenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekula?"

"Nimekula. Nimekuletea kitu."

Alipokea machungwa na ile karatasi, akashukuru, akaingia ndani kutafuta rula. Alirudi akaiweka chini ya mstari wa kwanza, akasoma kama alivyosoma kila kitu, mstari mmoja mmoja, rula ikishuka. Alipomaliza alirudi mwanzo akasoma tena. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi namwangalia usoni, nasubiri kuuona uso unafunguka.

"Anasema 'si kweli'," mzee akasema. "Si kweli nini? Aliambiwa nini?"

"Nilimwambia, mzee. Kwamba Mwalimu alifariki. Sikukutaja wewe, usiogope. Niliona ni haki yao kujua."

"Yao?"

"Wote walioandika."

"Wangapi?"

Ndipo nikaanza kuelewa, na nilikuwa nimekwisha chelewa. Nilihesabu kichwani nikitumaini nimekosea, nikitumaini kuna mmoja nilimsahau, kuna barua imekwama mahali.

"Saba," nikasema.

Aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfuko wa shati nyuma ya kalamu. Alikaa kwenye kiti chake akaukamata mkono wa kile kiti kingine, chenye mto. Midomo ilimcheza, akajaribu kuituliza, ikamshinda. Kisha yule mzee ambaye hakudondosha chozi kaburini akalia kwa sauti, kifua kikipanda na kushuka, hadi jirani akatokea mlangoni kwake na kuniuliza kwa macho kuna nini. Nilipiga magoti pale kwenye saruji.

"Nisamehe, mzee. Nisamehe, baba."

"Ulifanya sawa," akasema alipoweza kusema. "Ilikuwa haki yao. Lakini hata mmoja, binti. Ungeniachia hata mmoja."